Hema la Watu Wawili

Haya, mmenisumbua vya kutosha. Wiki nzima nikienda kwa kinyozi naulizwa, nikisimama kununua vocha naulizwa: "Ametoka? Ametoka humo hemani?" Hajatoka! Mlitaka atoke vipi wakati mhariri alinikatia ukurasa na zipu bado imefungwa?

Yuko pale pale. Fundo, yule dada anayeongoza wapanda mlima, amelala chali ndani ya hema lililosimamishwa katikati ya duka la vifaa vya kambi, anapima kama vidole vya miguu vinagusa kitambaa. Na mlangoni ameingia mwanamume anayeongea kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua yasiyopona. Sauti hiyo Fundo aliwahi kuisikia mara moja tu, kule mlimani, ikisema, "Msukume huyo mwanamke." Na kweli akasukumwa.

Wewe unayeanza kusoma leo, nakupa kwa ufupi, wenzako wavumilie. Majambazi waliwavamia Fundo na kaka yake kambini, wameshafunga mizigo waondoke. Walibeba begi la kaka, majiko, hema, kila kitu. Kaka wakaondoka naye. Fundo wakamtupa korongoni na begi lake mgongoni, wakajua habari yake imekwisha. Kumbe alinaswa na vichaka, akatoka mzima, ingawa amechubuka mwili mzima. Watu wa uokoaji walimtafuta kaka mpaka wakachoka, wakamwambia Fundo akubali tu kwamba kaka hayupo tena.

Fundo hakukubali. Amekuja kununua hema jepesi badala ya lile lililoibwa, apande peke yake akamtafute kaka yake. Hana haja nyingine duniani.

Na huyu mwanamume tumwite Mafua, tusipoteze muda.

"Shangazi," Mafua alisema pale kaunta, "nataka fito za hema."

Mwenye duka ni mama wa makamo, mpole. Mji mzima unamwita Shangazi.

"Fito peke yake? Hema lenyewe liko wapi?"

"Kitambaa tunacho. Fito ndizo hakuna. Halafu ziwe fupi kuliko za kawaida. Punguza vidole vinne."

Ndani ya hema, moyo wa Fundo ulipiga paa!

Vidole vinne. Hapa nisikilizeni vizuri. Watu wa mlima wakiwa wawili hugawana hema ili mmoja asilemewe. Kaka alikuwa anabeba kitambaa, Fundo anabeba fito na vigingi. Kwa hiyo majambazi walipokwapua begi la kaka walipata hema lisiloweza kusimama, fito zimekwenda korongoni na Fundo. Tena fito zenyewe hazikuwa za kawaida. Msimu uliopita upepo ulivunja moja, kaka akazikata zote kwa vidole vinne zilingane, akashona pindo la hema upya kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo walilijua wao wawili tu. Hata mama yao hajui.

Sasa nani kamwambia Mafua?

Kaka! Kaka yuko hai!

Fundo aliuma kola ya shati asipige kelele. Machozi yalimtoka yakateremka mpaka masikioni, maana alikuwa chali. Alifurahi jamani, alifurahi mpaka akasahau kuogopa.

"Fito za namna hiyo sina," Shangazi alijibu. "Njoo kesho."

"Kesho! Kule juu baridi inatuua, wewe unasema kesho. Haya, na yule dada? Amekuja?"



"Hajaja," Shangazi alisema.

"Si umeambiwa leo lazima aje? Mji mzima huu mahema mepesi yanauzwa hapa kwako tu."

"Nimesema hajaja. Nenda zako bwana, nina kazi."

Furaha ikakatika. Umeambiwa? Na nani? Fundo alibana pumzi.

Hema jepesi lina ubaya wake. Asubuhi ile ile alilalamika kwamba kitambaa ni chembamba mno, kinaonyesha mwanga, na Shangazi akamjibu, "Ukitaka jepesi ndiyo hivyo, mwanangu, unene una uzito." Sasa wembamba ule ulimfaa. Aliviona vivuli vyote viwili. Kimoja kifupi, nyuma ya kaunta. Kingine kirefu, kinaelekea mlangoni kutoka.

Kile kirefu kikasimama. Kikainamisha kichwa.

Buti!

Mtu wa mlima haingii hemani na buti, hata hema likiwa kwenye sakafu ya duka. Fundo alivua zake nje ya mlango wa hema, akazipanga pamoja, matope makavu ya korongo bado yako kwenye soli. Ninyi mnaosema "mjinga huyo" hebu nyamazeni. Mtu amezoea hivyo miaka yote, ataacha leo?

"Buti za nani hizi?"

"Za mteja. Kaziacha zishonwe."

"Kaziacha mbele ya mlango wa hema?" Mafua alicheka kwa pua. "Na hema lenyewe la wangapi hili, Shangazi?"

Kivuli kifupi kilitoka nyuma ya kaunta.

"Si nakuuliza? La wangapi?"

"Mwanangu, nakuomba, achana na..."

Kivuli kirefu kiliinama kwenye rafu. Kiliponyanyuka kilikuwa na nyundo ya kupigilia vigingi.

Fundo alijiviringisha. Nyundo ilichana kitambaa, ikatua pale kilipokuwa kichwa chake, kigae cha sakafu kikapasuka. Kabla hajakaa sawa ikaja ya pili, hiyo ikampata begani. Alisikia mfupa ukilia. Alipiga yowe, akakamata zipu, akavuta. Zipu mpya ikagoma!

Mafua alijitupa juu ya hema na mwili wake wote.

Hema lilianguka. Sasa ni vurugu ya paka wawili na gunia, mmoja nje na mmoja ndani. Magoti yalimkandamiza tumbo. Mikono ikamtafuta shingo kupitia kwenye kitambaa, ikaipata, ikakaba. Kitambaa kilimfunika pua na mdomo. Kila akivuta pumzi anavuta nailoni.

"Safari hii," Mafua alihema, "nahakikisha mwenyewe."

Kidole gumba kilipita karibu na mdomo wake. Fundo alikiuma na kitambaa chake, akauma mpaka damu ikapenya. Mafua alipiga ukelele, akamtwanga kwa kichwa katikati ya paji la uso. Fundo aliona nyota.

Msaada utoke wapi? Mlango wa pili kuna karakana ya kuchomelea vyuma, na mashine ya kukatia nondo ilikuwa inalia hapo bila kupumzika. Ungeweza kuchinja ng'ombe dukani mule, mtaa usisikie.

Lakini mkono wa kushoto wa Fundo ulikuta ule mpasuko wa nyundo. Ukapenya nje. Ukapapasa, ukagusa fito.

Fito ya hema jepesi huwa imepindwa, inataka kunyooka muda wote. Inakaa imepinda kwa sababu tu ncha zake zimechomekwa kwenye vitundu pembeni ya hema. Siku ya kwanza kazini unafundishwa: ukichomoa ncha, weka uso mbali. Na hii hapa ilikuwa imekandamizwa na jitu zima.

Fundo alichomoa.

Fito ilifyatuka ikamkuta Mafua kwenye jicho.

Jamani, yowe lile! Mikono ilimwachia shingo. Fundo alitoka kupitia mpasuko, kichwa kwanza, akaanguka sakafuni na soksi zake, akateleza, akashika kaunta, akasimama. Bega moja linaning'inia.

"Jicho langu! Jicho langu, malaya wewe!"

Damu ilikuwa inachuruzika katikati ya vidole vyake. Lakini mkono wa pili ulikwenda kiunoni ukatoka na kisu.

Alimrukia nacho. Fundo alikinga, kisu kikamchana mkono toka kiwiko mpaka kifundo. Fundo akamrushia jiko la gesi, likamkosa, likavunja kioo cha kabati. Akamrushia sufuria, nayo ikagonga ukuta. Mafua alimfikia, akamkamata nywele, akamburuta chini kati ya rafu, mabegi na magodoro yakiwaangukia.

"Kaka yako ana salamu zako," alimwambia sikioni.

Mkono wa Fundo uliangukia kopo la vigingi. Akashika kimoja. Hakufikiri, hakuchagua mahali. Alikididimiza kwenye paja la Mafua na kukisukuma kwa kiganja mpaka kikabaki kichwa tu nje.

Mafua akapiga magoti. Hata sauti haikutoka, mdomo wazi tu. Fundo akaokota mtungi mdogo wa gesi akampiga nao kichwani. Akampiga tena. Mafua alilala ubavu kama mtu aliyechoka na safari, kisu kikamtoka mkononi.

Fundo alisimama anatweta, damu inadondoka kwenye soksi.

"Shangazi! Kimbia, kaite watu!"

Shangazi alikuwa ameshakimbilia mlangoni. Fundo akashusha pumzi. Afadhali, alisema moyoni, afadhali yupo mtu mzima.

Shangazi hakutoka. Aliuvuta mlango wa chuma mpaka chini, akaufunga kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani. Alipogeuka alikuwa ameshika ule mkasi mkubwa wa kukatia kamba.

"Umemuua," alisema.

"Shangazi, huyu ni jambazi! Ndiye aliyenitupa..."

"Ni mtoto wa kaka yangu!"

Mji mzima unamwita Shangazi, kwa hiyo Fundo hakushtuka kumsikia Mafua akimwita hivyo. Kumbe ni shangazi yake kweli, wa damu.

Alimrukia akilia. Mkasi ulimkwangua Fundo shavu, ukakata ncha ya sikio. Wakavaana. Shangazi ni mzito, na uchungu ulimpa nguvu za watu wazima wawili. Alimsukumiza Fundo kwenye kaunta, akamkandamiza lile bega bovu, Fundo akaona giza. Lakini kwenye kaunta kulikuwa na mizani, ile ile waliyopimia mahema asubuhi. Fundo akaibeba kwa mkono mmoja akambamiza nayo. Shangazi akaenda chini, meno yake mawili yakaruka.

Sasa mkasi alikuwa nao Fundo, ncha iko kwenye koo la Shangazi, goti liko kifuani kwake.

"Kumbe ni wewe! Maswali yako yote yale! Unakwenda upande gani, mtalala wapi, mko wangapi, mnaondoka lini. Nilikujibu yote, Shangazi. Nilidhani unanichagulia vifaa! Ukaenda kuwapa majambazi!"

"Niliwapa," Shangazi alisema. Alitema damu. "Nilikuwa nawapa habari za wateja wote. Nichome mkasi huo, umalize."

"Kaka yangu yuko wapi? Mmemfanya nini?"

Shangazi akacheka. Kicheko kibaya, nusu kilio.

"Sisi tumfanye nini? Mwanangu, kaka yako ndiye mkubwa wetu."

Kofi! Lilisikika kuliko mashine ya jirani.

"Muongo!"

"Nipige tu."

"Muongo mkubwa wewe! Kaka yangu ametekwa!"

"Asubuhi nilikubembeleza uchukue hema gani?" Shangazi alimtazama usoni. "Sema. Nilikubembeleza uchukue gani?"

 Fundo alikumbuka. Shangazi alimwonyesha hema la mtu mmoja, akamwonyesha tena, akampimia, akampunguzia bei bila kuombwa. "Chukua hili la mmoja, mwanangu. Jepesi, unalitia begini unalisahau. Unakwenda peke yako, hilo kubwa la nini?" Na Fundo akamjibu, "Nakwenda mmoja, narudi wawili." Shangazi aligeuka akawa anapanga vigingi ambavyo vilishapangwa.

"Kaka yako alisema hivi. 'Dada yangu hajafa, namjua, na lazima aje kwako kutafuta hema. Mwangalie anachukua la wangapi. Akichukua la mmoja, ameshanizika moyoni, mwacheni aishi. Akichukua la wawili, anakuja kunitafuta, na akinitafuta ataniona. Huyo asitoke dukani mzima.'" Machozi yalichanganyikana na damu kidevuni. "Nilitaka uishi. Nilitaka uchukue la mmoja! Kichwa ngumu wewe, ungenisikiliza, na huyu mtoto asingelala hapa."

"Muongo," Fundo alisema tena. Lakini safari hii alilisema polepole.

Kiunoni kwa Mafua kitu kikakoroma. Redio ya mkononi.

"Vipi huko? Fito umepata?"

Fundo hakuhitaji kuuliza ni nani. Ni sauti iliyomfundisha kufunga fundo lake la kwanza, na jina akapata humo. Aliitegea sikio akitafuta maumivu ndani yake. Alitafuta woga, pumzi ya mtu aliyefungwa, chochote. Hakikuwepo. Kaka alikuwa anaongea na chakula mdomoni, anatafuna.

Mkasi ulimtoka mkononi. Aliumia Fundo, aliumia kuliko bega, kuliko mkono uliochanika. Kama angepewa kuchagua, angerudi korongoni akalale huko.

"Wewe, si naongea na wewe? Mpe Shangazi redio."

Shangazi alijiburuta mpaka kwa mtoto wa kaka yake. Alimwekea mkono puani kwanza. Uso ukalegea kidogo, alikuwa anapumua. Kisha akachukua redio, akamtazama Fundo, akabonyeza.

"Niko hapa."

"Dada amekuja?"

"Amekuja."

"Amechukua la wangapi?"

Sasa fikirini. Mtoto wa kaka yake yuko chini, jicho moja limekwenda. Meno yake mwenyewe yako sakafuni. Neno moja tu, na aliyefanya yote hayo hatoki hai. Shangazi alifumba macho.

"La mmoja," alisema.



"La mmoja? Una hakika?"

"Nimempimia mimi mwenyewe kwenye mizani. Ameondoka analia."

"Ameondoka."

"Ameondoka, nakwambia."

"Sawa," kaka alisema, na akaendelea kutafuna.

Shangazi alitoa ufunguo kifuani, akamnyooshea Fundo. "Shika. Nenda kwa mama yako. Ukae huko, usipande tena huo mlima. Umeshakuwa huru, umesikia? Hakuna atakayekufuata."

Fundo aliutazama ufunguo. Akalitazama hema la watu wawili, limelala limepasuka kama mnyama aliyechunwa. Akaenda akachukua buti zake. Akavaa moja, akavaa ya pili, akafunga kamba kwa mkono mmoja na meno.

"Nipe hiyo," alisema.

"Chukua, chukua uende."

Hakuchukua ufunguo. Alichukua redio.

"Usifanye hivyo! Nimekuokoa! Mwanangu, nimekuo..."

Fundo akabonyeza.

"Kaka."

Kutafuna kukakoma.

"Shangazi amekudanganya. Nimechukua la wawili."

 Redioni kulikuwa na mvumo tu, na ndani ya mvumo kelele fulani ya chuma inayokatwa. Fundo aliweka redio sikioni. Kelele ile ilikuwa inaingia masikio yote mawili, moja toka redioni, moja toka ukutani.

Jirani akazima mashine.

Redioni nako ikazimika.

Fundo na Shangazi walitazamana. Mlango wa chuma ukagongwa, polepole, kama mgeni mwenye adabu.

"Nimekaa hapa kwa fundi vyuma tangu asubuhi, nautazama mlango huu," kaka alisema, safari hii bila redio, toka upande wa pili wa bati. "Nilikuona unaingia, dada. Sijaona mtu akitoka. Shangazi, fungua. Na wewe vua buti, huendi popote."

Fundo alikaza kamba ya buti. Kisha akainama akaokota nyundo.